Mkato mdogo wa wembe: kusimamisha damu ni kazi moja, kuponya ngozi ni nyingine

Mkato wa wembe unaoweza kufunikwa na punje moja ya ufuta huchafua kola ya shati jeupe kabla mwenye shati hajafika kituo cha daladala. Ajabu hiyo ya jeraha dogo kutoa damu nyingi ndiyo inayowahangaisha watu mbele ya kioo: mmoja hubandika kipande cha tishu, mwingine hupaka dawa ya meno, wa tatu humimina spiriti mpaka machozi yakamtoka, na wa nne husema kidonda kiachwe kipate upepo. Kila mmoja amerithi njia yake kwa baba, kwa kaka au kwa kinyozi, na karibu kila njia ina chembe ya ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba njia hizo zinafanya kazi tofauti, nazo huchanganywa kana kwamba zinafanya kazi moja. Kusimamisha damu ni jambo la kwanza, kuzuia vijidudu ni la pili, na kuisaidia ngozi ijifunge bila kuacha alama ni la tatu. Kinachofaa kwa jambo la kwanza kinaweza kabisa kuliharibu la tatu.

Tuanze na damu yenyewe. Tabaka la nje la ngozi ya uso lina unene unaokaribia ule wa karatasi ya daftari, na ndani yake hamna hata mshipa mmoja wa damu. Wembe ukilikwangua tabaka hilo peke yake, mtu husikia mwasho na kuona ngozi iliyochubuka, lakini damu haitoki. Damu ikitoka, hata tone moja, makali yamekwisha kufika tabaka la pili, ambako vimishipa vyembamba vinavyoitwa kapilari vimejipinda kama vitanzi na kupanda hadi karibu na mpaka wa tabaka la nje. Uso, midomo na ngozi ya kichwa vina vimishipa hivyo kwa wingi kuliko sehemu nyingi nyingine za mwili, ndiyo sababu kidevu hutoa damu kuliko muundi wa mguu uliokatwa kwa kina kile kile. Wingi huo huo una faida yake, kwa kuwa mahali penye damu nyingi hupona upesi, na mkato wa kawaida wa shavuni huwa umefungika baada ya siku chache.

Maji ya uvuguvugu nayo yana mchango wake. Ni kweli kwamba unywele uliolowa maji ya moto kiasi hulainika na kukatika kwa urahisi, na kwa hiyo yeyote anayenyoa baada ya kuoga anafanya jambo la busara. Lakini joto hilo hilo hutanua mishipa ya ngozi, hivyo wembe ukiteleza wakati huo, damu hutoka kwa kasi zaidi. Hapa hakuna mgongano wowote: maji ya uvuguvugu ni ya kabla ya kunyoa, na maji ya baridi ni ya baada.

Mara mshipa unapokatika, mwili huanza kazi bila kungoja dawa. Mshipa hujibana wenyewe, kisha chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hunasa kwenye kingo za jeraha na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mtu mwenye afya ana chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu, kipimo ambacho ni kama sehemu moja ya hamsini ya tone, kwa hiyo askari wa kuziba tundu hawakosekani. Juu ya kizibo hicho cha kwanza hufumwa nyuzi za protini iitwayo fibrini, ambazo hukishikilia kama wavu unavyoshikilia samaki. Kazi yote hiyo huchukua dakika, si sekunde, na damu inayotiririka kwa kasi huvisomba vizibo kabla havijakomaa.

Kwa hiyo tiba ya kwanza haimo katika chupa yoyote. Inahitaji mikono iliyooshwa, kitambaa safi au tishu iliyokunjwa mara kadhaa, na saa ya kutazama. Kandamiza kwa uthabiti juu ya mkato kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo, bila kuinua kitambaa kuchungulia kama damu imekoma. Katika kuchungulia ndipo watu wengi wanapokosea, kwa maana kila mara kitambaa kinapoinuliwa, kizibo kichanga hung'oka na hesabu huanza upya. Dakika kumi zilizosimamiwa na saa ni ndefu kuliko tunavyodhani, na nimewasikia watu wakiapa kwamba wamekandamiza kwa muda mrefu ilhali hazikutimia hata dakika mbili. Kitambaa kikiloweshwa maji ya baridi sana, au kikifungiwa kipande cha barafu ndani, mishipa hujibana zaidi na maumivu hupungua.

Kile kipande cha tishu kinachoachwa kikining'inia kidevuni hakikandamizi chochote. Hunyonya damu, na kikikauka hushikamana na damu iliyoganda, hivyo anayekibandua huondoka na kizibo chote. Aliyekwisha kukibandika akiloweshe maji kwanza, kiachie chenyewe.

Baada ya kukandamiza ndipo shabu inapopata nafasi yake. Wasomaji wa pwani wanaijua vyema: jiwe jeupe linalopitisha mwanga kama barafu, linalouzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za asili, ambalo vinyozi hulilowesha na kulipitisha usoni wakimaliza kunyoa. Jina limetoka katika Kiarabu, na matumizi yake ni ya kale. Kikemia ni chumvi ya alumini na potasiamu, nayo alumini iliyomo hushika protini za damu na za ngozi na kuzigandisha, ngozi ikajikaza na vimishipa vikabanwa. Kazi hiyo inafanana na ile inayofanywa na shabu katika maji ya kisima yenye tope, ambapo vumbi lililoelea hushikana, likawa zito na kutuama chini ya mtungi. Kalamu nyeupe za kuzuia damu zinazouzwa pamoja na vifaa vya kunyolea zimetengenezwa kwa chumvi za ukoo huo huo. Namna ya kuitumia ni rahisi: lowesha ncha ya jiwe, ligusishe juu ya mkato kwa nusu dakika hivi, vumilia uchungu wake, kisha baada ya damu kukoma suuza ule ukungu mweupe unaobaki, kwa sababu shabu inayoachwa usoni hukausha ngozi na kuikereketa. Shabu ni ya mkato mdogo na wa juujuu tu. Jeraha lililoachama si la kuwekewa jiwe.

Kuna tahadhari moja ambayo vinyozi wetu wengi hawaisemi. Jiwe la shabu lililogusa damu ya mtu mmoja na kisha likapitishwa kwenye shavu la mwingine lina hatari ile ile ya wembe wa kushirikiana. Katika majimbo kadhaa ya Marekani kanuni za vinyozi zinakataza kutumia kalamu moja kwa wateja mbalimbali, na badala yake hutakiwa unga au kimiminika kinachopakwa kwa pamba safi. Nyumbani njia hiyo ni nyepesi kuifuata: ama kila mtu awe na kipande chake, ama shabu isagwe, na unga mchache utwaliwe kwa pamba iliyoloweshwa, kisha pamba hiyo itupwe.

Damu ikiisha kukoma, kazi ya pili ni usafi, na hapa ndipo spiriti inapotumiwa vibaya kuliko kitu kingine chochote katika kabati la bafuni. Spiriti huua vijidudu kwa kuharibu protini zao, lakini haina macho ya kutofautisha protini ya kijidudu na ile ya seli changa za ngozi zinazojaribu kuziba jeraha. Maumivu makali yanayofuata wengi huyachukua kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, ilhali ni ushahidi kwamba mishipa ya fahamu iliyo wazi imechomwa. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa mapovu, nayo ina kasoro hiyo hiyo. Mkato wa wembe mpya uliopita juu ya ngozi iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni unahitaji maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida kuuzunguka, basi. Maji yasiyoaminika yachemshwe, yapoe, ndipo yatumike. Spiriti ibaki kwa ajili ya vifaa, na ile ya asilimia 70 ni bora kuliko iliyo kali zaidi, kwa kuwa maji yaliyomo husaidia kugandisha protini za vijidudu kwa ukamilifu.

Kazi ya tatu ndiyo yenye mvutano mkubwa zaidi, kwa sababu inapingana na ushauri ambao karibu kila mmoja wetu alilelewa nao, kwamba kidonda kiachwe kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe: majeraha ya juujuu yaliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki, yakabaki na unyevu, yalifunikwa na ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Sababu yake inaeleweka vizuri. Seli mpya za ngozi hutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na hutambaa kwa wepesi juu ya sakafu yenye unyevu. Jeraha likikauka na kufanya kigaga, seli hizo hulazimika kupita chini yake, zikichimba njia kati ya kilichokufa na kilicho hai. Kigaga pia hukamatwa na wembe katika unyoaji unaofuata, na mkato wa wiki iliyopita ukawa mkato wa leo.

Mafuta ya mgando yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Baada ya damu kukoma na ngozi kuoshwa na kukaushwa kwa kugusagusa, pakaa tabaka jembamba juu ya mkato, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kutumia kidole safi au pamba, si kwa kuchovya kidole kilichotoka kidondani ndani ya kopo linalotumiwa na nyumba nzima. Plasta haihitajiki usoni, isipokuwa mahali panaposuguliwa na kola au kamba ya kofia. Wapo wanaokimbilia krimu ya antibiotiki wakiamini kwamba mafuta ya kawaida hayana nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la madaktari wa Marekani, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, ulilinganisha mafuta hayo na krimu ya antibiotiki, na haukuona tofauti ya maana katika idadi ya vidonda vilivyoambukizwa. Wachache waliopata mzio walikuwa katika kundi la antibiotiki.

Zaidi ya krimu za antibiotiki ninaziogopa zile za mchanganyiko zinazouzwa bila maswali katika maduka ya dawa baridi, zenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho) ndani yake, pamoja na mkorogo ambao baadhi ya watu huupaka ili alama isibaki. Steroidi huchelewesha kupona kwa jeraha na kuikondesha ngozi, na mkorogo hukereketa ngozi iliyojeruhiwa. Ngozi nyeusi ina tabia ya kujibu kila mwasho kwa kuzalisha rangi zaidi, na doa jeusi linaloachwa na mkato huweza kukaa kwa miezi, hata baada ya jeraha lenyewe kusahauliwa. Kinachoepusha doa ni kuupunguza mwasho tangu mwanzo: kutokwaruza kigaga, kutonyoa juu ya mahali hapo mpaka papone, na kupakinga na jua. Wenye ukoo wa makovu yanayovimba, yaitwayo keloidi, wawe waangalifu zaidi kwenye kidevu, taya na kisogo, na wasiruhusu mahali hapo pakatwe mara kwa mara.

Kuhusu dawa nyingine za jikoni nitasema kwa kifupi. Dawa ya meno huleta ubaridi unaodanganya, kisha hukereketa. Ndimu na chumvi huunguza. Unga wa kahawa hunyonya damu na kuonekana kuisimamisha, lakini hubaki ndani ya jeraha. Majivu na udongo visiguse kidonda kwa hali yoyote ile, kwa sababu udongo ndio makazi ya mbegu za kijidudu cha pepopunda.

Pepopunda yenyewe imezungukwa na imani moja ya kurekebishwa, nayo ni kwamba kutu ndiyo inayoileta. Kutu haina kijidudu chochote kwa asili yake. Chuma chenye kutu huwa cha hatari kwa sababu mara nyingi kimelala kwenye udongo na samadi. Wembe mpya uliotoka kwenye karatasi yake hauna hatari kubwa ya pepopunda, lakini ule uliookotwa uani unayo, na mtu aliyekatwa nao anapaswa kujiuliza alichanjwa lini mara ya mwisho, kwa kuwa kinga ya chanjo hiyo inashauriwa kuhuishwa kila baada ya miaka 10.

Maambukizo ya kawaida zaidi hutokana na bakteria tunaowabeba wenyewe. Mmoja wao, stafilokoka, hukaa puani mwa takriban watu watatu katika kila kumi bila kuwadhuru, na kutoka puani hadi mdomo wa juu safari ni fupi mno. Tusidharau jambo hili. Lord Carnarvon, Mwingereza aliyegharimia uchimbaji uliofichua kaburi la Farao Tutankhamun huko Misri mnamo Novemba 1922, aliumwa na mbu shavuni, kisha akajikata mahali hapo alipokuwa akinyoa. Vijidudu vikaingia, vikaenea katika damu, nimonia ikafuata, na tarehe 5 Aprili 1923 akafariki mjini Cairo. Magazeti yalishabikia laana ya Farao, lakini penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ilingoja hadi mwaka 1928, na ikaanza kuwafikia wagonjwa wengi katika miaka ya 1940.

Vitabu vingi husema dalili ya maambukizo ni wekundu, na kwa ngozi nyeusi maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu wekundu huenda usionekane hata kidogo. Tazama badala yake uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya pili, joto unalolisikia kwa kugusa kwa mgongo wa kidole, ngozi inayong'aa na kukaza au kuwa nyeusi kuliko jirani yake, usaha, na maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua. Homa, au uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Jipu lililoota katika eneo la kati ya pua na pembe za mdomo lisikamuliwe kamwe, kwa maana mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kufika hadi kwenye mishipa iliyo chini ya ubongo.

Damu isiyokoma baada ya dakika 15 za kukandamiza bila kuachia nayo ni ya kupelekwa kwa daktari. Wanaotumia aspirini wajue kwamba dawa hiyo huzilemaza chembe sahani kwa maisha yao yote ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo kuiacha jana hakusaidii leo. Na wanaotumia wafarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda watarajie kukandamiza kwa muda mrefu zaidi, wala wasiziache kwa uamuzi wao wenyewe kwa ajili ya mkato wa kidevu. Mashine ya kunyolea ya umeme ndiyo inayowafaa zaidi.

Kuna mkato mmoja unaostahili uangalifu wa pekee katika nyumba zetu, nao ni ule wa kichwa cha mtoto mchanga anaponyolewa siku ya saba au ya arobaini. Wembe uwe mpya, kichwa kilowe vizuri, na anayenyoa awe na mkono uliotulia na asikandamize juu ya utosi. Mtoto akikatwa, jeraha lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, likandamizwe kwa upole, lisipakwe spiriti, majivu, samli wala asali. Mtoto wa siku saba ambaye damu yake haikomi apelekwe hospitali bila kusubiri, kwa sababu watoto wachanga huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini K, inayohitajika ili damu igande, na asiyechomwa sindano yake alipozaliwa anaweza kuvuja damu kupita kiasi.

Mkato wa kwapani au sehemu za siri hufuata kanuni zile zile za kukandamiza na kuosha, pamoja na nguo za pamba zisizobana, kwa kuwa jasho na msuguano huchelewesha kupona. Ni vyema pia kusubiri mkato ufunge kabla ya kujamiiana, maana ngozi iliyo wazi ni mlango wa magonjwa.

Hilo linatufikisha kwenye wembe wenyewe. Watu wengi wanapofikiria hatari ya wembe wa kushirikiana hufikiria Virusi vya UKIMWI peke yake, ilhali virusi hivyo hudhoofika upesi damu inapokauka. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi: huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7 vikiwa na uwezo wa kuambukiza, na kiasi cha damu kinachotosha hakionekani kwa macho. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya ugonjwa huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini wazazi wao na ndugu zao wakubwa wengi hawakuwahi kuchanjwa, na ndio wanaonyoa. Kishikio kinaweza kutumiwa na baba na wanawe kikioshwa vizuri, lakini wembe kila mtu awe na wake, hata mume na mke. Aliyejikata kwa wembe uliotoka kumkata mwingine aoshe jeraha kwa maji na sabuni, asilikamue, na aende kituo cha afya mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hutolewa ndani ya saa 72, nayo chanjo ya homa ya ini hufaa zaidi inapowahi.

Mwisho kuna mkato unaojirudia. Ikiwa kila unaponyoa damu hutoka mahali pale pale, pengine wembe ni butu, au unanyoa kinyume cha ulalo wa nywele juu ya kipele cha unywele uliojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Badilisha wembe, fuata ulalo wa nywele, pumzisha mahali hapo kwa wiki kadhaa. Ikiwa hata baada ya wiki tatu bila kunyoa bado pana kidonda kidogo kinachotoa damu kinapoguswa, au ni baka jeusi lililobadilika umbo, mwonyeshe daktari wa ngozi.